Muanda, Mlango Mwembamba wa Kongo

Chukueni ile ramani ya Kongo ambayo watoto wenu huleta nyumbani kutoka shuleni, mkaitandike juu ya meza. Nchi yetu ni kubwa mno: ina kilometa za mraba zipatazo 2,345,000. Sasa fuateni mpaka wake kwa kidole, toka Ziwa Albert mpaka Tanganyika, toka Tanganyika mpaka Katanga, kisha mgeuke kuelekea magharibi kando ya Angola. Kidole chenu kitapita maelfu ya kilometa bila kugusa maji ya chumvi. Mwishowe, kule chini upande wa kushoto, mtaona nchi inakuwa nyembamba kama shingo ya kibuyu, na mdomo wa kibuyu hicho unaingia baharini. Pwani yote ya Kongo ina kilometa 37; wengine husema 40. Mtu mwenye miguu mizuri aweza kuimaliza kwa siku moja na nusu. Pwani hiyo ni ya Muanda.

Leo twataka kusema habari za mji huo mdogo: umekaaje, ni akina nani wakaao humo, na kwa nini mahali panapopita mali nyingi hivi wenyeji wake wanazidi kubanwa. Sisi wa mashariki twaujua kidogo sana, wala si ajabu. Kutoka Bukavu mpaka Muanda, tukipima kwa mstari ulionyoka juu ya ramani, ni karibu kilometa 1,900. Kutoka Bukavu mpaka Mombasa ni 1,200 hivi tu. Vitu vingi vya maduka yetu huja kwa njia ya Mombasa na Dar es Salaam, na hata lugha hii tunayowaandikia ilitufikia toka upande huo. Lakini bahari iliyo mali ya Kongo ni ile nyingine, ambamo jua halichomozi, bali huzama.

Tuanze na mahali penyewe. Muanda haukai mchangani. Umejengwa juu ya uwanda ulioinuka kidogo, nao uwanda huo hukatika ghafula mbele ya bahari, ukafanya ukuta wa udongo laini na mchanga. Chini ya ukuta huo ndiko kuliko ufuko na mitumbwi ya wavuvi. Ukienda kusini mwendo wa kilometa kumi hivi utafika Banana, ulimi mwembamba wa mchanga, mkono mmoja bahari, mkono wa pili ghuba yenye maji matulivu ambamo meli zaweza kulala. Mbele ya Banana ndio mlango wa mto Kongo wenyewe, wenye upana wa kilometa zipatazo kumi, na ng'ambo ya pili ni Soyo, nchi ya Angola. Ukienda kaskazini nako hutakwenda mbali kabla ya kufika mpaka wa Kabinda, ambayo pia ni ya Angola. Basi mtu wa Muanda ana Angola kulia na Angola kushoto, bahari mbele yake, na Kongo nzima mgongoni.

Mto huo tumekwisha kuusifu mara nyingi. Kwa wastani humwaga baharini meta za ujazo 41,000 za maji kila sekunde; mto mmoja tu duniani, yaani Amazon, unaupita. Lakini kuna jambo ambalo watu wachache hulijua. Mito mingine mikubwa, kama Nile na Zambezi, inapofika baharini huweka matope yake, ikajijengea visiwa na nchi mpya. Mto Kongo haukujenga nchi ya namna hiyo. Kwa nini? Kwa sababu chini ya maji yake kuna korongo refu sana. Korongo hilo halianzii baharini; laanzia ndani ya mto, kilometa 30 hivi kabla ya mlango, na pale mlangoni lina kina cha zaidi ya meta 400. Matope ya Kasai, ya Ubangi, na ya Lualaba yetu huanguka humo, yakachukuliwa mbali kwenye vilindi. Mwezi wa Januari 2020, baada ya mafuriko makubwa ya mwisho wa mwaka 2019, matope hayo yaliporomoka kwa mara moja. Yalikwenda siku mbili chini ya bahari, zaidi ya kilometa 1,100, na mwendo wao ukazidi kadiri yalivyokuwa yakienda mbali. Njiani yalikata nyaya za intaneti zilizolazwa huko chini, na watu mpaka Afrika ya Kusini waliona mawasiliano yao yamekuwa mazito. Waya mmoja kati ya hizo ndio unaopanda nchi kavu kule Muanda. Kongo iliunganishwa nao mwaka 2013. Kwa hiyo maneno ya simu yaendayo Ulaya nayo hupita katika mlango huo mwembamba.

Juu ya mvua tutasema kidogo tu. Mtu wa Kivu angedhani kwamba penye bahari pana mvua nyingi. Sivyo. Mbele ya pwani ile hupita mkondo wa maji baridi utokao kusini, na maji baridi hayatoi mawingu mengi. Hivyo Banana hupata karibu milimita 800 tu kwa mwaka, na ndilo eneo lililo kavu kuliko yote katika Kongo. Toka mwezi wa Juni mpaka Septemba mbingu huwa za kijivu, lakini mvua hainyeshi.

Upande wa ndani, nyuma ya Banana, nchi ni nyingine kabisa. Hapo mto hugawanyika katika vijito vingi, na kando ya vijito hivyo imesimama misitu ya mikoko, miti ambayo mizizi yake hutoka juu ya matope kama miguu ya kaa. Samaki wengi wa bahari huja kuzalia humo. Wanawake hushuka maji yanapopwa, wakaokota chaza. Nguva wangali wanaishi katika vijito hivyo, ingawa wamekuwa wachache kwa sababu ya kuwindwa. Na kasa hupanda ufuko wakati wa usiku kutaga mayai. Kati ya visiwa vya huko kuna kimoja, Bulabemba, ambacho wazee wa Kisangani watakumbuka jina lake: ndiko alikofungwa Antoine Gizenga, toka 1962 mpaka 1964.

Sasa tuwajue watu. Wenyeji wa pwani ni Wawoyo, na wale wa mlangoni mwa mto na visiwa vya mikoko ni Wasolongo. Wote ni wa kabila kubwa la Wakongo, nao husema lugha za jamii moja. Wawoyo walikuwa na ufalme wao ulioitwa Ngoyo, mmoja kati ya falme tatu za pwani ile. Nyingine ni Kakongo na Loango. Kwao mtoto huhesabiwa katika ukoo wa mama yake, naye mjomba ana sauti kubwa juu ya ndoa, shamba na urithi. Walivua samaki, walichemsha chumvi toka maji ya bahari wakaiuza mbali barani.

Hatuwezi kuwataja Wawoyo bila kusema juu ya vifuniko vyao, maana jambo hili lawahusu wote wenye mume au mke. Zamani wanaume wa kijiji walikula pamoja, na kila mke alipeleka chakula cha mumewe mahali walipokusanyika. Siku za amani alifunika chungu kwa namna ya kawaida. Lakini mke akiwa na neno moyoni, labda mume amekuwa mkali, labda hamletei nguo, labda anataka kuleta mwanamke mwingine nyumbani, hakupiga kelele. Alitwaa kifuniko cha mti kilichochongwa sanamu juu yake: ndege, kobe, konokono, chungu, mtu aliyelala. Kila sanamu ilikuwa na mithali yake. Chakula kikafika, wanaume wote wakaona. Mume hakuweza kuficha tena; wenzake walimsomea mithali, wakamwuliza kisa, wakampa shauri. Msichana alipoolewa, mama na bibi walimpa vifuniko vya kwenda navyo, na likizuka jambo jipya lisilo na kifuniko alikwenda kwa mchongaji kuagiza kingine. Leo vifuniko hivyo vyaonekana zaidi katika nyumba za makumbusho kuliko jikoni. Vingi viko Tervuren, kule Ubelgiji. Twasikia baadhi ya mama wasomao ukurasa huu wameanza kutafuta mchongaji. Tafadhali, ongeeni kwanza.

Wageni walikuja kwa njia ya bahari. Mwaka 1482 Mreno Diogo Cão alifika kwenye mlango wa mto, akasimika nguzo ya mawe upande wa kusini. Wareno walisikia wenyeji wakiuita mto Nzadi; midomo yao ikalifanya Zaïre, jina ambalo nchi nzima ililichukua toka 1971 mpaka 1997. Baada ya Wareno walikuja wengine wengi, na kwa karne nyingi biashara kubwa ya pwani ile ilikuwa biashara ya watumwa. Kijiji cha Nsiamfumu, kaskazini kidogo ya Muanda, ni mmoja wa mahali pale walipopakiwa melini. Hapo baadaye, watumwa walipokatazwa, palikuja biashara ya mawese, pembe na mpira. Waholanzi wa nyumba ya Kerdijk na Pincoffs ndio waliokuwa wakubwa pale Banana, mpaka nyumba hiyo ilipofilisika mwaka 1879 na Pincoffs akakimbilia Marekani.

Kuna msafara mmoja ambao sisi tusemao Kiswahili tunapaswa kuukumbuka. Mwezi wa Novemba 1874 watu zaidi ya 350 waliondoka Bagamoyo pamoja na Stanley, wengi wao watu wa Zanzibar na wa mrima. Tarehe 9 Agosti 1877 waliobaki, 115 hivi, waliingia Boma wakiwa mifupa na ngozi. Siku chache kabla ya hapo Uledi na Kacheche walikuwa wametangulia na barua ya kuomba chakula, na wafanya biashara wa Boma wakapeleka mchele na samaki. Kisha wakashuka kwa meli, wakapita mbele ya Banana wakaingia bahari kuu. Walikuwa wameivuka Afrika toka maji ya chumvi hadi maji ya chumvi. Vitabu vingi humtaja Stanley peke yake; wale wengine walirudi Zanzibar mwaka uleule, nao majina yao twayajua machache.

Lakini tuulize: pwani hii nyembamba ilipatikanaje? Kwa nini kilometa 37, wala si 300, wala si hata moja? Jibu ni la mwezi mmoja. Mabwana wa Ulaya walikuwa wamekusanyika Berlin toka Novemba 1884. Ureno ulidai kwamba pande zote mbili za mlango wa mto ni zake. Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji, alitaka njia ya kutokea baharini, maana nchi kubwa isiyo na mlango ingemfaa nini? Tarehe 1 Februari 1885 Wareno waliandikiana mapatano na wakubwa wa Ngoyo kule Simulambuco, wakaiweka Kabinda chini ya ulinzi wao. Tarehe 14 ya mwezi huohuo wakapatana na chama cha Leopold: Ureno uchukue Kabinda na upande wa kusini wa mto, Leopold achukue upande wa kaskazini pamoja na kipande cha pwani katikati. Ndivyo Muanda ilivyoingia Kongo. Siku zile kumi na nne, hakuna aliyewauliza Wawoyo kama wataka kukaa upande gani. Ufalme wa Ngoyo ulikatwa vipande viwili. Mjomba akabaki kwa Mreno, mpwa akawa mtu wa Leopold. Vita vya Angola vilipoanza baada ya 1975, wengi wa Kabinda walikimbilia Muanda, na wenyeji waliwapokea si kama wageni, bali kama ndugu wa ukoo. Hata sasa mvuvi akipitisha mtumbwi wake upande wa pili wa mstari usioonekana juu ya maji, aweza kukamatwa na askari wa Angola, ingawa nyavu alizozifuata ni za ndugu yake.

Na ili mjue bei ya mlango, sikilizeni hili. Mwaka 1927 Wabelgiji walikuwa na haja ya ardhi kidogo karibu na Matadi, ili wapate kuinyosha vizuri njia ya reli iendayo Léopoldville. Ardhi hiyo ilikuwa ya Wareno. Ukubwa wake kilometa za mraba tatu. Walipewa. Nao walitoa nini? Upande wa Dilolo, kule kusini-magharibi ya Katanga, kilometa za mraba 3,500. Tatu kwa elfu tatu na mia tano! Watu waliokuwa wakilima Dilolo walilala katika Kongo ya Kibelgiji, wakaamka Angola.

Turudi Muanda. Tangu mwaka 1975 mafuta ya petroli yanachimbwa chini ya bahari mbele ya mji, na miaka michache baadaye wakaanza kuyachimba pia nchi kavu, kati ya vijiji. Kongo haipati mafuta mahali pengine po pote. Kwa miaka mingi kipimo chake kimekuwa kati ya mapipa 20,000 na 30,000 kwa siku, yaani machache sana. Angola ya jirani imewahi kupita milioni moja. Hata hivyo kwa mji mdogo ni jambo kubwa. Usiku mtu akiwa ufukweni huona moto wa gesi ukiwaka juu ya maji, na vijiji vingine vina moto wa namna hiyo karibu na mashamba yao. Tena kuna kiwanda cha kusafisha mafuta kilichojengwa miaka ya 1960, kabla kisima cha kwanza hakijatoa kitu. Kilitengenezwa kwa mafuta mepesi ya kununuliwa ng'ambo. Mafuta ya Muanda yakaonekana kuwa mazito, hayafai. Kwa hiyo mafuta ya Kongo huuzwa nje yakiwa ghafi, na petroli ya kutia katika magari ya Kongo hurudi toka nje kwa meli, ikipita mbele ya visima vilevile.

Kazi ya mafuta haitaki mikono mingi. Huwataka mafundi, nao wengi hutoka Kinshasa au ng'ambo. Vijana wa mahali hupata ulinzi, usafishaji, vibarua vya miezi michache. Walakini habari ya kazi ilivuma, na watu walikuja: Wayombe wa Tshela na Lukula, watu wa Matadi na Kinshasa, askari na wakarani wa serikali kutoka pande zote za nchi. Sokoni husikii Kiwoyo peke yake; Kikongo na Lingala vimechukua nafasi kubwa.

Na ardhi ni ya nani? Mzee wa ukoo atakwambia: ya ukoo, maana mababu wamezikwa humo. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 yasema: ardhi yote ni mali ya serikali. Kila siku maneno hayo mawili hukutana Muanda. Mtu mgeni hununua kiwanja kwa mkubwa wa ukoo, kisha akaenda kutafuta karatasi serikalini. Kampuni huja na karatasi ya serikali, kisha ikakuta mihogo ya mama fulani. Mihogo hulipwa pengine. Lakini kuilipa mihogo si kuilipa ardhi, na mama yule mwaka ujao atalima wapi?

Maana pamekuwa padogo, wasomaji. Tuhesabu pamoja. Mbele ya mji, karibu na mitambo ya mafuta, mvuvi haruhusiwi kutupa wavu. Mara nyingi pia wavuvi wamelalamika kwamba mafuta huchafua maji na kuharibu nyavu. Kulia na kushoto kuna mpaka. Nyuma, toka mwaka 1992, kuna hifadhi ya mikoko yenye kilometa za mraba 768, iliyotiwa mwaka 1996 katika orodha ya dunia ya maeneo yenye maji yanayostahili kulindwa. Sisi twaona kwamba hifadhi hiyo ni jambo jema. Pasipo mikoko hapana samaki, na wale waikatao kwa ajili ya makaa wanakata chakula cha watoto wao. Lakini mama wa Muanda apikaye kila siku hana moto mwingine ila makaa, na kumwambia asikate bila kumwonyesha apikie nini, ni kumwachia nusu ya neno.

Tena bahari yenyewe inakula nchi. Tulisema kwamba mji umekaa juu ya ukuta wa udongo laini. Mawimbi huuchimba chini, mvua huukata juu, na kipande kwa kipande ukuta huanguka. Watu waliojenga nyumba mbele, wakifurahia upepo, wameona ua wao unapungua mwaka kwa mwaka. Nsiamfumu nako wenyeji wamelazimika kusogea nyuma. Bahari zote za dunia zinapanda kwa sababu ya joto linalozidi, wala hatuoni nani atakayeuambia udongo huu usimame. Kupanda miti na majani hupunguza kasi ya mvua, mawimbi hayajali.

Sasa kuna jambo jipya, na huenda ndilo kubwa kuliko yote. Mpaka sasa meli za Kongo hupanda mto hadi Matadi, kilometa 150 hivi kutoka baharini. Lakini kati ya bahari na Boma mto umejaa mafungu ya mchanga yanayohamahama, na meli kubwa za siku hizi haziwezi kupita. Mizigo yake hushushwa kwanza Pointe-Noire, bandari ya jirani zetu wa Brazzaville, ikapakiwa tena katika meli ndogo. Kila anayenunua mfuko wa mchele Kinshasa hulipa kazi hiyo mara mbili. Kwa hiyo serikali ilipatana mwaka 2018 na kampuni ya DP World ya Dubai kujenga bandari yenye maji ya kina kule Banana, mapatano yakatazamwa upya mwaka 2021, na tarehe 31 Januari 2022 Rais Tshisekedi aliweka jiwe la msingi. Gati la kwanza limepangwa kuwa na meta 600.

Hatuwezi kuipinga bandari. Nchi kama yetu kutegemea mlango wa jirani ni aibu na hasara. Lakini twauliza maswali ambayo baba wa nyumba angeuliza kabla ya kujenga. Wavuvi wa Banana watapanda mitumbwi yao wapi? Wale watakaohama watapewa nini, nao watapewa kwa mkono wa nani: wa serikali, wa mkubwa wa ukoo, au wa mwenye nyumba mwenyewe? Barabara itokayo Boma, yenye vumbi na matope, itabeba malori hayo namna gani? Na vijana wa Muanda, je, wanafundishwa leo kazi za bandari, au watasimama tena mlangoni wakiwa walinzi kama ilivyokuwa kwa mafuta?

Ili kujibu maswali hayo yapasa kwanza kujua watu ni wangapi. Hapa ndipo penye taabu. Hesabu ya mwisho ya watu wote wa Kongo ilifanywa mwezi wa Julai 1984. Nchi nzima ilikuwa na watu milioni 30 hivi; leo wanakadiriwa kuwa zaidi ya milioni 100. Hesabu ya pili imetangazwa mara nyingi, ikaahirishwa mara nyingi. Kwa hiyo kila tarakimu mnayosoma juu ya watu wa Muanda, iwe katika kitabu au katika gazeti, ni kadirio lililojengwa juu ya makadirio. Mtoto aliyezaliwa Muanda mwezi ule wa hesabu amepita miaka arobaini. Amezaa, na pengine ameitwa babu. Mapipa ya mafuta ya mji wake yamehesabiwa kila siku tangu hapo. Yeye hajahesabiwa mara ya pili.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutapanda mto toka Banana mpaka Boma, mji uliokuwa makao makuu ya Kongo toka mwaka 1886, kabla serikali haijahamia Léopoldville. Wenye ramani wasiikunje bado.